Unene wa Ukuta

Mwalimu Viateur Habarurema alikuwa mtu wa rula. Rula yenyewe ilikuwa ya mti mwekundu, urefu wake nusu metre, alama zake amezichonga mwenyewe kwa kisu na kuzipaka wino, na hakuna aliyemwona akienda shuleni bila hiyo. Hakuitumia kuchapa. Aliitumia kupima: dawati, mlango, kivuli cha mtoto, hata muhogo. Watu wa Ndosho walisema analala nayo, na mke wake Élisabeth, alipoulizwa na wanawake wenzake kama ni kweli, alicheka tu, asikubali wala asikatae.

Alizaliwa upande wa Rutshuru, kwa mfugaji ambaye hakuwahi kuhesabu ng'ombe wake. Mzee yule aliwaita kwa majina kila jioni, na jina lisiloitikiwa ndilo lililopotea. Viateur alikutana na hesabu kwa mapadri akiwa na miaka tisa, akaipenda kwa sababu ambayo hakumweleza mtu mpaka alipokuwa mkubwa. Nyumbani kwao neno lilikuwa kweli kulingana na ukubwa wa aliyelisema. Baba akisema mvua itanyesha, basi itanyesha, na isiponyesha ni kosa la mvua. Lakini kwenye ubao saba mara nane ilikuwa hamsini na sita, aseme padri, aseme mtoto wa mchunga mbuzi. Alipomaliza masomo ya ualimu alitumwa Goma, mwaka wa 1953, akapewa shule ndogo ya misheni kule Ndosho, magharibi ya mji.

Wakati huo Ndosho ilikuwa mashamba, na nyumba chache zilizotawanyika juu ya mawe meusi ambayo mlima uliyatapika zamani. Maharage yalistawi, viazi vilistawi, lakini maji hayakukaa. Mvua ingeweza kunyesha asubuhi nzima, na ifikapo saa sita usione hata kidimbwi cha kunawia vidole. Mawe yalikuwa yameyanywa yote. Ndiyo maana watu walishuka mpaka ziwani Keshero kuteka, na waliotumwa zaidi walikuwa watoto wa kike. Waliondoka kabla jua halijatoka, wakafika shuleni somo la pili likiwa katikati, shingo zinawauma, wakasinzia. Kila mwaka Viateur aliandika majina ya wasichana kumi na wawili au kumi na watatu katika darasa la kwanza. Darasa la tano lilikuwa na watatu.

Mwaka wa 1955 shule ilipata bahati ya kuezekwa upya kwa mabati, na mabati ndiyo yaliyompa Viateur wazo. Maji yanayoteremka juu ya paa yakikamatwa kabla hayajagusa jiwe, watoto watakunywa shuleni, na asubuhi hawatakuwa na sababu ya kubebeshwa mitungi ya maji ya shule. Padri mkuu wa misheni alikubali kutoa simenti na chokaa, wazazi wakakubali kubeba mawe. Ramani aliichora Viateur mwenyewe, kwa wino, kwa rula yake. Birika la mawe: urefu metre tatu, upana metre mbili, kimo metre mbili. Padri akaitazama, akasema ni safi, akaipiga muhuri.

Fundi aliyepewa kazi aliitwa Yuma Useni. Alikuwa Mwislamu, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, ambaye baba yake alikuja kutoka Maniema pamoja na wafanyabiashara, akazeeka huku huku. Kusoma herufi za Kizungu hakujua. Ujenzi aliujifunza kwa mjomba wake, na kazi yake ya kwanza ilikuwa birika la kutawadhia la msikiti. Alijenga polepole, akigeuza kila jiwe mara mbili tatu kabla ya kulilaza, na watoto walipenda kumtazama. Kufikia Februari 1956 birika lilikuwa limesimama pembeni ya shule, na bomba dogo la shaba chini yake. Mvua za Machi na Aprili zililijaza, watu wakachota, likajaa tena. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza linabeba kiasi gani.

Isipokuwa Viateur, ambaye aliona hapo somo. Ujazo ulikuwa katika programu ya darasa la tano, na miaka miwili alikuwa ameufundisha kama alivyofundishwa yeye, kwa wimbo wa Kifaransa ambao watoto waliuimba wakitikisa vichwa: longère fwa largère fwa otère, urefu mara upana mara kimo. Waliimba vizuri. Walichokuwa wakikiimba hawakukijua. Safari hii aliwatoa nje, akawasimamisha mbele ya birika, akawapa rula. Wakapima. Tatu mara mbili, sita. Sita mara mbili, kumi na mbili. Metre cube kumi na mbili, na kila moja ina litre elfu moja: litre elfu kumi na mbili. Watoto wa shule ni mia moja na ishirini, kila mmoja anywe litre mbili kwa siku, hiyo ni litre mia mbili na arobaini. Birika likijaa litatosha siku hamsini. Kiangazi kinaanza Juni, likizo ni katikati ya Julai. Watafika likizo na maji ya kubaki. Viateur alifurahi hata akaiacha hesabu hiyo ubaoni wiki nzima, na wazazi waliokuja kwa shida zao aliwaingiza darasani kuitazama.

Tarehe mosi Juni mvua ilikuwa imekata, birika limejaa mpaka kwenye tundu la juu la kumwagia maji yaliyozidi. Kazi ya kugawa maji alipewa Nyirarukundo, msichana wa darasa la tano mwenye miaka kumi na mitatu, mmoja wa wale watatu waliobaki. Alikuwa mtoto wa maneno machache na macho ya kufuatilia. Aligawa kwa kopo la litre moja, asubuhi moja, saa sita moja, asimpendelee hata mdogo wake.

Siku ya kumi na saba ya shule, saa sita, bomba lilikohoa likanyamaza. Nyirarukundo alikuja mlangoni akasema maji yamekwisha. Viateur alimwambia afungue vizuri. Akasema amefungua. Viateur akatoka mwenyewe, akapanda juu, akafunua kifuniko na kuingiza mti mrefu. Mti ulirudi na tope la kidole kimoja kwenye ncha.

Alirudi darasani akaandika ubaoni, mkono wake ukiwa na haraka kuliko kawaida. Siku kumi na saba mara mia mbili na arobaini: elfu nne na themanini. Alitoa katika elfu kumi na mbili. Zilibaki litre elfu saba mia tisa na ishirini, na alizitazama pale ubaoni kama mtu anayetazama alama za nyayo za mwizi. Hesabu ilikuwa sawa. Maji hayakuwepo. Basi kulikuwa na mtu.

Alimwita Yuma siku hiyo hiyo. Fundi alikuja, akavua kandambili, akaingia ndani ya birika kwa ngazi, akakaa humo muda mrefu akipapasa kuta kwa viganja kama anayetafuta homa kwenye mwili wa mtoto. Alipotoka alisema birika ni zima, hakuna ufa, sakafu haijanywa tone. Viateur alimfunulia ramani, akamwonyesha namba moja moja.

"Hesabu haidanganyi, Papa Yuma," alimwambia.

Yuma aliitazama karatasi ambayo hakuweza kuisoma, akalitazama birika. Kisha akavaa kandambili zake akaenda.

Jumapili iliyofuata, baada ya sala, Viateur alisimama nje ya kanisa mbele ya wazazi waliobeba mawe yale kwa mabega yao, akawaeleza. Hakupaza sauti wala hakutukana. Alisema tu kwamba fundi ameiba simenti kwenye sakafu, ametia mchanga mwingi, na maji yao yamepitia chini. Kwa moyo wake hakuwa anasema uongo, na ndivyo alivyoandika pia katika barua kwa padri mkuu. Misheni ilikuwa karibu kuanza kujenga dispanseri, na Yuma alikuwa ameahidiwa kazi hiyo ya miezi minane. Kabla wiki haijaisha kazi ilipewa mtu mwingine. Watoto walirudi Keshero na mitungi yao, na Nyirarukundo akarudi kuchelewa.

Mapema Julai, mtihani ukikaribia, Viateur alirudia ujazo. Mtoto mmoja alikuwa na kalibu ya matofali nyumbani, baba yake alipata kufyatua matofali kwa mkulima mmoja Mzungu kule njia ya Rutshuru. Ilikuwa fremu ya mbao nene, wazi juu na chini. Viateur aliiweka juu ya dawati akauliza itachukua bulongo, yaani udongo wa kufinyangia, kiasi gani. Aligawa darasa katika makundi mawili, kila moja lipime kwa zamu, lihesabu, lisionyeshe wenzake.

Kundi la kwanza lilipata sentimetre cube elfu mbili mia nane na themanini. Kundi la Nyirarukundo lilipata elfu tano na mia nne. Watoto walicheka, wakaanza kubishana nani hajui kuzidisha. Viateur alichukua kibao cha Nyirarukundo, akapitia kuzidisha kwake mstari kwa mstari. Hakukuwa na kosa. Thelathini mara kumi na nane mara kumi, elfu tano na mia nne. Akamwomba aonyeshe alivyopima. Msichana akaweka rula kwenye kalibu, kutoka ukingo wa nje mpaka ukingo wa nje.

"Hapana, mwanangu," Viateur alisema. "Umepima mbao. Mimi niliuliza bulongo."

Alikuwa bado ameunyoosha mkono kuelekea kwenye kalibu aliposikia alichokisema. Watoto walimngoja aendelee. Nyirarukundo aliitazama kalibu, halafu, kupitia mlango uliokuwa wazi, akalitazama birika, halafu akatazama chini haraka, kama mtoto aliyeona mkubwa amekaa vibaya. Viateur aliona macho yake yalivyokwenda. Akawaambia waende nyumbani, ingawa saa ilikuwa bado.

Alipobaki peke yake alishuka ndani ya birika. Tangu lijengwe hakuwahi kuingia. Ndani mlikuwa na baridi na harufu ya chokaa, na jambo la kwanza lililomshangaza, kabla hajapima chochote, ni kwamba akinyoosha mikono yote miwili viganja vyake viligusa kuta za pande mbili kabla viwiko havijanyooka. Alipima hata hivyo. Ukuta wa mawe ulikuwa na unene wa sentimetre arobaini, kila upande. Urefu wa ndani metre mbili na ishirini. Upana wa ndani metre moja na ishirini. Kutoka sakafuni, ambayo nayo ilikuwa nene, mpaka kwenye tundu la kumwagia, metre moja na nusu. Aliketi kwenye sakafu akaandika ukutani kwa chaki. Desimetre ishirini na mbili mara kumi na mbili mara kumi na tano. Litre elfu tatu mia tisa na sitini. Akagawanya kwa mia mbili na arobaini, akapata siku kumi na sita na nusu.

Siku ya kumi na saba, saa sita. Hesabu haikudanganya hata kidogo. Litre elfu nane alizokuwa akizitafuta zilikuwa mawe.

Alikaa humo mpaka Élisabeth akaja kumtafuta, akamwona kichwa chini ya kifuniko. Alimweleza kila kitu pale pale, yeye ndani, mkewe juu amepiga magoti. Élisabeth hakujua sana kuzidisha, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

"Yuma anajua?" aliuliza.

Viateur alichukua rula yake akapanda ngazi.

Siku ya pili yake alikwenda kwanza kwa padri mkuu, kwa kuwa alidhani huko ndiko jambo linapoweza kutengenezwa. Padri alimsikiliza akipekua karatasi. Ramani ilikuwa na muhuri wake yeye pia, na hilo halikumpendeza. Alisema kazi ya dispanseri imekwisha anza, fundi mwingine amekwisha weka msingi, hawezi kumwondoa. Alisema kosa la namna hiyo linaweza kumpata yeyote na halina haja ya kutembezwa mbele ya watu. Mwalimu akijishusha mbele ya wazazi, kesho mtoto gani atamsikia? Halafu, kwa sauti ya upole, akamkumbusha kwamba jina lake limo kati ya walimu watakaohamishiwa shule kubwa ya mjini mwezi wa Septemba. Viateur alimshukuru akatoka. Shule ile ya mjini ilikuwa na madarasa ya matofali, na nyumba ya mwalimu yenye bomba. Élisabeth alikuwa na mimba ya miezi mitano. Alitembea barabara nzima akilifikiria bomba lile.

Mguu wake haukugeukia Ndosho. Ulimpeleka upande wa sokoni, walikokaa Waislamu, mpaka kwa Yuma. Ilikuwa Ijumaa, na Yuma hakuwa amerudi kutoka msikitini. Mke wake, Mama Kuluthumu, alimpokea kwa adabu ya mtu asiyetaka kulaumiwa: alimpa kiti, akamletea chai, akarudi jikoni bila kumuuliza habari za mke wala za watoto wa shule. Kwenye kibaraza palikuwa na mfuko uliofungwa kwa kamba, na ndani yake vichwa vya mwiko na timazi vikichungulia. Yuma alipokuja alieleza, kama anamweleza mpita njia, kwamba kesho anapanda lori kwenda Bunagana. Mfanyabiashara mmoja kule mpakani anajenga depo.

Viateur alisema alichokuja kusema. Alisema kwa ufupi, kwa sababu alikuwa amejizoeza njiani na maneno mengi yalikuwa yamemwanguka.

Yuma alisukuma mfuko wake pembeni akaketi. "Mimi nilijua toka siku ya kwanza," alisema. "Ukuta ya mawe ya huku haiwezi kuwa nyembamba. Ukiifanya nyembamba, maji itaipasua. Kama ungeniuliza maji ngapi, ningekuambia. Wewe uliniuliza metre ngapi."

"Na siku ile nilipokuita? Mbona hukusema?"

"Ulikuwa na karatasi, Mwalimu. Mimi nilikuwa na mikono. Ulisema hesabu haidanganyi. Basi aliyebaki kudanganya ni nani?"

Viateur aliinama. Akasema amekwenda kwa padri, na padri amekataa kurudisha kazi. Akasema anaomba msamaha.

"Yale maneno uliyasemea wapi?" Yuma aliuliza.

"Nje ya kanisa. Siku ya Mungu."

"Basi."

Viateur alielewa. Alimaliza chai yake kwa sababu kuiacha kungekuwa kosa jingine.

Siku mbili zile hakulala vizuri. Hakuogopa kucheka kwa watu kama alivyoogopa kitu kingine ambacho hakuweza kukipa jina upesi. Miaka yote alikuwa ameamini kwamba kwenye hesabu mtu mdogo na mtu mkubwa wanalingana. Sasa aliona alivyoitumia. Aliishika namba kama baba yake alivyolishika neno lake, na isipotimia ikawa kosa la mvua.

Jumapili alisimama mahali pale pale. Alikuja na kalibu ya matofali, kwa sababu hakuijua njia nyingine ya kueleza. Aliwaonyesha wazazi nje ya kalibu na ndani yake, akawaambia yeye, mwalimu wa watoto wao, amepima nje akaahidi ndani. Simenti haikuibwa. Sakafu haivuji. Fundi Yuma Useni alijenga kwa uaminifu kile kile alichoamriwa, na yeye Viateur alimchafulia jina mbele yao, na kwa hilo anajirudi mbele yao. Wanaume wachache walicheka. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mawe alibeba yeye mgongoni, na angalijua ni mengi hivyo kuliko maji angekwenda Keshero tu. Viateur alisema ana haki. Mzee mmoja, babu yake Nyirarukundo, aliomba kalibu, akaigeuza geuza, akatia mkono ndani, akautoa.

"Hiki kitu ni wazi kabisa," alisema. "Mbona mulihitaji masomo ya miaka mingi ili kukikosa?"

Hapo walicheka wote, na Viateur pia, ingawa uso ulimwaka.

Septemba ilipofika, aliyehamishiwa shule ya mjini alikuwa mwalimu mwingine. Hakuna aliyemweleza sababu na yeye hakuuliza. Élisabeth alilia siku moja, ya pili akapanda maharage nyuma ya nyumba. Viateur aliwafuata watoto wake wa darasa la tano, ambao sasa walikuwa wa sita, na kati yao wasichana walikuwa bado watatu. Hilo alilihesabu kuwa jambo kubwa.

Yuma alirudi kutoka Bunagana wiki ya kwanza ya shule. Kama habari ya Jumapili ile ilimfikia kupitia kwa madereva wa malori au kwa Mama Kuluthumu, hakusema. Asubuhi moja alionekana kando ya birika, amefunga mikono nyuma, akilizunguka. Viateur alitoka darasani kumsalimu. Hawakushikana mikono kwa muda mrefu wala hawakuzungumza yaliyopita. Yuma alisema, akilitazama birika na si mwalimu, kwamba pembeni yake panaweza kujengwa la pili, yakatumia ukuta mmoja kwa pamoja, na mawe yatapungua sana.

"Lakini safari hii, niambie maji," alisema. "Metre nitazitafuta mimi."

Kwa kuwa birika lilikuwa kavu na lilitaka kusafishwa kabla ya mvua, Viateur alimwomba kwanza aingie na watoto. Yuma alisita, hajawahi kufundisha mtoto wa masomo, alisema, na Kifaransa hana. Lakini aliingia. Watoto walishuka mmoja mmoja kwa ngazi na kujipanga wamebanana mpaka wa kumi na tisa, na wa ishirini akabaki juu, miguu inaning'inia. Yuma hakutumia rula. Alitumia kamba yenye mafundo, akawapa watoto waishike kutoka ukuta mpaka ukuta, akawaambia wasimame wima, walitazame tundu la kumwagia, wafahamu maji yakijaa yatawafika wapi. Kisha akawatoa nje na kamba ile ile, wakainyoosha kwa nje, pembe mpaka pembe, na wakaona wenyewe kamba iliyotosha ndani ilivyopungua. Hakuna aliyeimba. Viateur alisimama nyuma yao amekunja mikono, na mara mbili alitaka kusahihisha neno, akajizuia. Watoto walipopiga hesabu ya birika la pili, walianza na litre, wakaja kwenye metre za ndani, na unene wa ukuta wakauongeza mwisho. Ilikuwa kinyume cha alivyofundishwa yeye. Aliandika hivyo hivyo katika daftari lake la maandalizi, akijua inspekta akija ataulizwa.

Wazazi hawakukubali haraka kubeba mawe mara ya pili. Ilichukua mikutano mitatu. Msingi wa birika la pili ulikuwa umefika magotini mvua kubwa ya kwanza iliponyesha, alasiri moja, watoto wakiwa darasani. Ilipiga mabati mpaka sauti ya mwalimu ikazama. Viateur aliweka chaki chini, wote wakasogea madirishani. Kabla saa moja haijaisha birika la zamani lilijaa, tundu likaanza kumwaga, na maji yaliyozidi yakatiririka juu ya mawe meusi, yakapotea.

Mvua ilipopungua Nyirarukundo aliinua mkono. Aliuliza kama maji yaliyoanguka juu ya paa yanaweza kuhesabiwa nayo. Paa lina urefu, alisema, na lina upana. Lakini kimo cha mvua ni kipi? Inapimwa kutoka wapi mpaka wapi?

Darasa likamgeukia mwalimu. Viateur alifikiri. Alijua kwamba kuna Wazungu wenye chombo cha kupimia mvua, huko kwenye uwanja wa ndege, lakini hakuwahi kukiona wala kuambiwa kinavyofanya kazi. Angeweza kusema jambo hilo ni la darasa la juu.

"Sijui," alisema.

Watoto walitazamana. Neno hilo hawakuwa wamelisikia kutoka mbele ya ubao. Msichana alifikiri kidogo, akasema kwamba labda kopo likiwekwa nje, lenye kuta zilizosimama wima, kimo cha maji ndani yake ndicho kimo cha mvua juu ya kila kitu. Mtoto mwingine akapinga, kopo ni dogo na paa ni kubwa. Wakaanza kubishana, na Viateur aliwaacha. Alitafuta kopo la maziwa kwenye kabati, akalikagua kwa rula, akatoka nalo wakimfuata, wakazunguka wakitafuta jiwe lililo tambarare.